Fahamu Namna Nyaya Zinavyolehemiwa kwa Unadhifu kwenye Bodi ya Kifaa cha Kielektroniki

Taa ya sola inayowaka pale tu waya wake unaposhikwa kwa pembe fulani, redio inayokatika sauti kila inaposogezwa mezani, na chaja inayohitaji kuegemezwa kwenye kikombe ili ipeleke umeme ni vitu vinavyofahamika katika kaya nyingi nchini. Mara nyingi kifaa cha namna hiyo huhesabiwa kuwa kimekwisha, kikawekwa uvunguni au kutupwa, na kingine kikanunuliwa. Lakini kwa kawaida betri yake bado ni nzima, paneli ni nzima na bodi ni nzima. Kilichoharibika ni sehemu moja yenye ukubwa wa punje ya mtama, mahali waya unapokutana na bodi.

Sehemu hiyo hutengenezwa kwa kazi iitwayo kulehemu, ambayo hufanyika kila siku katika vibanda vya mafundi simu na redio, mijini na vijijini, na wapo wananchi wanaoifanya wenyewe nyumbani. Kati ya kiungo kitakachodumu kwa miaka na kile kitakachoachia baada ya wiki mbili kuna tofauti ambayo mwenye kifaa haioni kwa urahisi. Aidha, madhara ya kiungo kibaya hayaishii kwenye taa kuzimika, kwa kuwa waya uliolegea karibu na betri unaweza kusababisha joto kali na hata moto ndani ya nyumba. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kutumia mfano wa taa ndogo ya sola ambayo waya wake wa paneli umeng'oka kwenye bodi.

Ni vyema kwanza kutofautisha kulehemu na kuchomelea. Anayechomelea geti huyeyusha vyuma vyenyewe vikashikana. Anayelehemu hayeyushi waya wala bodi, kwani shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 za Selisiasi, kiwango ambacho chuma kidogo cha kulehemia hakiwezi kukikaribia. Kinachoyeyuka ni metali ya tatu, yaani lehemu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Mchanganyiko unaopendwa zaidi na mafundi wa elektroniki una asilimia 63 ya bati na asilimia 37 ya risasi, nao una sifa ya pekee: hubadilika kutoka yabisi kuwa kimiminika kwa mara moja kwenye nyuzi joto 183, bila kupitia hali ya uji katikati. Sifa hiyo ndiyo humrahisishia fundi kupata kiungo kisichotikiswa wakati kinaganda.

Lehemu inapoyeyuka juu ya shaba safi yenye moto wa kutosha, bati lililomo huungana na uso wa shaba na kujenga tabaka jembamba sana la metali hizo mbili. Tabaka hilo ndilo linaloshika kiungo. Pasipo tabaka hilo lehemu huwa imekaa tu juu ya shaba kama tone la maji juu ya jani la mgomba: lipo, linaonekana, lakini ukilisukuma linateleza na kuondoka. Kwa sababu hiyo mambo mawili hayana mjadala katika kazi hii. La kwanza ni usafi, na la pili ni kwamba joto lazima lifike kwenye shaba yenyewe badala ya kuishia kwenye lehemu.

Usafi unaozungumziwa hapa si wa kufuta vumbi peke yake. Shaba ikikaa hewani hupata utando wa oksidi, ule unaoifanya senti ya zamani iwe nyeusi, na lehemu haishiki juu ya utando huo. Kazi ya kuuondoa hufanywa na fluksi, ambayo katika elektroniki hutokana zaidi na rosini, yaani utomvu mkavu wa misonobari. Waya mwingi wa lehemu unaouzwa madukani una fluksi hiyo katikati yake, kama utambi ndani ya mshumaa, na ndiyo inayotoa moshi mweupe wakati wa kazi. Ipo pia fluksi ya tindikali inayotumiwa na mafundi wa mabomba na mabati. Hiyo husafisha kwa ukali zaidi, ila mabaki yake huendelea kula shaba baada ya kazi kukamilika, na kifaa kilicholehemiwa nayo kinaweza kufanya kazi vizuri siku ya kwanza kikafa miezi michache baadaye kwa kutu ya kijani. Haifai kabisa kwenye bodi.

Tukirudi kwenye taa, hatua ya kwanza hufanyika kabla chuma hakijapata moto. Fundi hufungua kasha, hupiga picha ya nyaya zote kwa simu ili rangi na mahali pake visisahaulike, kisha hutenganisha betri na bodi. Taa nyingi za aina hii hutumia betri za lithiamu, zenye volti 3.2 au 3.7 kwa seli moja. Volti hizo ni ndogo na haziwezi kumrusha mtu, na ndiyo maana watu huzidharau. Hatari yake iko kwenye mkondo, kwa kuwa chanya na hasi zikigusana, betri hiyo hutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, waya huwa mwekundu kwa moto, na seli yenyewe inaweza kuvimba na kuwaka. Ncha ya chuma cha kulehemia, ambayo nayo ni metali, inatosha kabisa kuziunganisha kwa bahati mbaya.

Kisha huondolewa lehemu ya zamani. Kifaa rahisi cha kazi hiyo ni utambi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba. Ukiwekwa juu ya kiungo cha zamani na kukandamizwa kwa chuma chenye moto, hunyonya lehemu kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Tundu la bodi hubaki wazi na kiduara cha shaba kinachozunguka tundu hilo hubaki kimeng'aa.

Kiduara hicho kinahitaji heshima. Katika bodi za kawaida unene wa shaba yake ni takriban mikromita 35, ambao ni kama nusu ya unene wa unywele wa binadamu, na kimeshikiliwa juu ya bodi kwa gundi peke yake. Bodi nzuri za rangi ya kijani hutengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Zile za kahawia zinazopatikana katika vifaa vya bei nafuu ni za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na huvumilia joto kidogo zaidi. Joto likikaa muda mrefu, gundi huachia na kiduara huinuka kama ganda la kidonda. Hapo ndipo kazi ya dakika tano inapogeuka kuwa kazi ya saa nzima, au bodi inapopotea kabisa. Mafundi wenye uzoefu hueleza jambo hili kwa wanafunzi wao mapema, kwani anayeogopa kuunguza bodi mara nyingi hutumia chuma chenye moto hafifu, na kwa kuwa chuma hicho hakiyeyushi lehemu upesi, hulazimika kukikandamiza kwa muda mrefu na matokeo yake ni kuiunguza bodi hiyohiyo aliyokuwa akiilinda. Ncha yenye nyuzi joto kati ya 320 na 350, ikigusa kwa sekunde mbili au tatu na kuondoka, huiumiza bodi kidogo kuliko ncha ya nyuzi 230 inayokaa nusu dakika.

Waya nao huandaliwa. Ganda la plastiki huondolewa kwa urefu wa milimita tatu au nne tu. Waya wa kebo umeundwa na nyuzi nyingi nyembamba, na kisu kikipita kwa nguvu hukata baadhi ya nyuzi hizo pamoja na ganda. Waya wa nyuzi saba uliokatwa mbili umepoteza zaidi ya robo ya uwezo wake wa kupitisha umeme mahali hapo, na zilizobaki zitakatika mapema kwa sababu zinabeba mzigo wote wa kuvutwa. Ni desturi iliyoenea kuvua ganda la waya kwa meno. Desturi hiyo iachwe, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Nyuzi zikishavuliwa husokotwa kwa kufuata mwelekeo wake wa awali, kisha hupakwa lehemu kabla ya kupelekwa kwenye bodi. Chuma hushikwa chini ya waya, na waya wa lehemu huguswa juu yake. Joto likipanda vya kutosha, lehemu huyeyuka juu na kuvutwa ndani, katikati ya nyuzi. Kiasi sahihi ni kile kinachoacha umbo la nyuzi likionekana bado chini ya utando wa lehemu. Ikizidi, waya huwa na kifundo kisichopita kwenye tundu. Joto likikaa mno, lehemu hupanda ndani ya ganda la plastiki na ganda lenyewe hurudi nyuma likaacha sehemu kubwa ya waya uchi. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa kuona inachelewesha. Matokeo yake huonekana baadaye: uzi mmoja mwembamba, usioonekana vizuri bila kioo cha kukuzia, hubaki umechomoza pembeni na kugusa kiungo cha jirani. Kwenye taa yenye chanya na hasi zilizotengana kwa milimita mbili, uzi huo mmoja ni tishio tosha.

Sasa waya hupitishwa kwenye tundu kutoka upande wa vipuri na kulehemiwa upande wa pili. Ncha ya chuma, ikiwa imefutwa kwenye sifongo yenye unyevu na kupakwa lehemu kidogo ili ipitishe joto vizuri, hugusa waya na kiduara cha shaba kwa wakati mmoja. Baada ya kama sekunde moja, lehemu huletwa upande ule usio na ncha. Hili ndilo jambo linalomtofautisha anayejua na asiyejua. Asiyejua huyeyusha lehemu juu ya ncha na kuipeleka kwenye kiungo kama anayepaka asali kwenye mkate; lehemu hiyo hufika ikiwa fluksi yake imekwisha kuungua na shaba ya kiungo bado ni baridi, hivyo hukaa juu bila kushika. Lehemu ikiguswa kwenye shaba na ikayeyuka kwa joto la shaba yenyewe, huo ni uthibitisho kwamba shaba imefikia joto linalotakiwa.

Lehemu huondolewa kwanza, kisha chuma, na mkono unaoshika waya hautikisiki mpaka kiungo kigande. Kupuliza kwa mdomo ili kipoe haraka hakusaidii. Waya ukisogea kabla lehemu haijaganda, ndani yake hufanyika nyufa ndogo na uso wake huwa na mikunjo, na kiungo hicho kitapitisha umeme leo na kukataa kesho.

Mwananchi anayepeleka kifaa kwa fundi ana haki ya kuomba kuonyeshwa kiungo kabla kasha halijafungwa, na hahitaji elimu ya umeme ili kukisoma. Kiungo kizuri kina umbo la kichuguu kidogo chenye miteremko inayolala taratibu hadi kwenye kingo za kiduara cha shaba, na sura ya waya huonekana ndani yake. Kiungo chenye umbo la gololi, kilichojikunja chini kana kwamba kinakataa kuigusa bodi, hakijashika. Donge kubwa linalomeza waya wote halina maana kwamba kiungo ni imara. Mara nyingi linaficha shaba ambayo haikupata joto. Ikumbukwe kuwa lehemu ya bati na risasi hupitisha umeme kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo kurundika lehemu hakuongezi njia ya umeme. Kinachotakiwa ni waya na kiduara viwe karibu kabisa, na lehemu ijaze nafasi ndogo iliyobaki. Ganda la waya nalo lianze karibu na kiungo, umbali wa milimita moja au mbili, bila kuingia ndani ya lehemu na bila kuacha waya uchi mrefu.

Kung'aa kwa kiungo, ambako wengi hukutumia kama kipimo pekee, siku hizi kunaweza kupotosha. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya umeme na kielektroniki vinavyouzwa katika soko lake, na viwanda vingi vya Asia vinavyohudumia dunia nzima vilibadilika kufuata soko hilo. Vifaa vingi vinavyoingia nchini hivi sasa vimelehemiwa kwa mchanganyiko wa bati, fedha kidogo na shaba kidogo, ambao huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hadi 220 na ambao kiungo chake kizuri huwa na rangi ya kijivu isiyong'aa sana. Fundi asiyelijua hili huona viungo vyote vya kiwandani kuwa vibovu na kuanza kuvigusa upya bila sababu. Pale anapolazimika kurekebisha kimoja, ni salama zaidi kuondoa lehemu yote ya kiwandani kwa utambi na kuweka mpya ya aina moja, kuliko kuongeza ya risasi juu ya isiyo na risasi.

Hata kiungo kikiwa kizuri kwa kila kipimo, bado waya unaweza kukatika ndani ya mwezi mmoja. Hapa ndipo matengenezo mengi yanaposhindwa, na kwa bahati mbaya ndipo lawama inapoelekezwa kwenye lehemu isiyo na kosa. Nyuzi zilizopakwa lehemu hugeuka kuwa kitu kimoja kigumu kama msumari, ilhali nyuzi zinazofuata, zilizo ndani ya ganda, bado ni laini. Waya unapopindwa, mkunjo wote hukusanyika kwenye mpaka kati ya sehemu ngumu na sehemu laini. Taa ya sola hubebwa, hutundikwa msumarini, huanikwa juu ya bati asubuhi na kurudishwa ndani jioni, na mtoto huivuta kwa kushika waya badala ya kasha. Kila mvuto hukunja waya mahali palepale, na uzi mmoja hukatika baada ya mwingine.

Lehemu haikuumbwa kubeba mvuto. Kazi yake ni kupitisha umeme. Mvuto unapaswa kuishia mahali pengine kabla ya kufika kwenye kiungo. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni fundo: waya hufungwa fundo ndani ya kasha, nyuma ya tundu unakopitia, kiasi kwamba ukivutwa fundo hukwama ukutani na kipande kati ya fundo na bodi hubaki kimelegea. Bodi nyingine zina matundu ya ziada kandokando ya viungo, ambayo wengi hudhani hayana kazi. Yamewekwa ili waya upitishwe chini na kurudi juu kabla ya kulehemiwa, au ufungwe kwa kamba ndogo ya plastiki. Gundi ya kuyeyushwa kwa joto inafaa pia, mradi imwagwe juu ya ganda la waya na bodi, si juu ya kiungo kibichi ambacho hakijakaguliwa. Gundi ya papo hapo haifai kwa kuwa huganda ikawa ngumu na kuhamisha tu mahali pa mkunjo. Silikoni yenye harufu ya siki nayo iepukwe. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati inakauka, na asidi hiyo hula shaba.

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu vifaa vya volti ndogo vinavyotumia betri. Vifaa vinavyochomekwa kwenye umeme wa gridi wa volti 230 ni habari nyingine. Baadhi yake, kama vile oveni za mikrowevu na televisheni za zamani za kioo kikubwa, huhifadhi umeme wenye kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hivyo viachiwe mafundi waliofunzwa.

Upo upande mwingine wa kazi hii ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni afya. Waya wa lehemu wengi huuita risasi, na jina hilo linasema kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutoka chanzo kilekile. Madhara yake kwao huonekana kwenye ubongo: kushuka kwa uwezo wa kujifunza na kubadilika kwa tabia, mambo ambayo mzazi anaweza kuyahesabu kuwa ni uzembe wa mtoto shuleni.

Wengi hudhani kuwa risasi hiyo huingia kwa moshi. Kwa joto la chuma cha kulehemia, risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha kutia hofu. Moshi unaoonekana ni wa fluksi. Moshi huo una hatari yake, kwani rosini iliyoungua ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu itokanayo na kazi, na fundi anayeinama juu ya kiungo huuvuta moja kwa moja. Dirisha wazi na feni ndogo inayovuta moshi pembeni, isiyoupuliza usoni, hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Risasi yenyewe huingia kwa njia ya kawaida kabisa, yaani mkono na mdomo. Huingia kwa fundi anayeshika kipande cha lehemu kwa meno ili mikono yote iwe huru, kwa anayekula chapati katikati ya kazi bila kunawa, kwa vumbi la kijivu linaloshuka kwenye meza ambayo jioni italiwa chakula, na kwa matone yaliyoganda sakafuni ambapo mtoto anatambaa. Ganda la nyaya za zamani nalo linaweza kuwa na risasi iliyochanganywa kwenye plastiki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutovua waya kwa meno, mbali na meno yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kulehemu nyumbani ifanyike juu ya ubao au trei inayotumika kwa kazi hiyo pekee, watoto na mama wajawazito wakiwa mbali. Baada ya kazi meza ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa ufagio mkavu hurusha vumbi hewani, na mikono inawiwe kwa maji na sabuni kabla ya kugusa chochote cha kuliwa. Kwa karakana zenye waajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vihatarishi vya kazi yao, na moshi wa fluksi pamoja na risasi ni vihatarishi vya wazi katika fani hii. Karakana kuwa ndogo hakuondoi vihatarishi hivyo. Kibanda chenye mafundi watatu na dirisha moja mara nyingi kina moshi mzito kuliko kiwanda.

Kwa vijana wanaopenda kuifanya kazi hii iwe ajira, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa mafunzo ya fani za umeme na elektroniki katika vyuo vyake. Waliojifunzia mtaani kwa kukaa pembeni ya fundi mkubwa hawajaachwa, kwani upo utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya na kupatiwa cheti. Kwa kijana mwenye chuma cha kulehemia na hana kifaa cha kujifunzia, bodi ya redio iliyokufa ni shule ya kutosha: atoe nyaya zote, azirudishe, azitoe tena, mpaka viungo kumi mfululizo viwe na umbo moja.

Taa ya mfano wetu sasa imelehemiwa. Kabla ya kurudisha betri, fundi hutumia mita kupima kama kuna njia ya umeme kati ya waya wa chanya na wa hasi mahali ambapo haipaswi kuwapo, kisha huvuta kila waya kwa vidole kwa nguvu ya wastani. Mabaki ya fluksi husafishwa kwa brashi na spiriti ili kiungo kiweze kuonekana. Betri hurudishwa, kasha hufungwa, na taa huwekwa juani huku ikiguswa mara kwa mara katika saa ya kwanza. Ikiwa kasha linapata joto lisilo la jua au linatoa harufu, inaondolewa juani na kufunguliwa tena.

Matone ya lehemu, vipande vya utambi uliotumika na betri iliyovimba havistahili kwenda kwenye jalala la nyumbani wala kuchomwa moto pamoja na taka za uani. Betri iliyovimba hutengwa peke yake, mbali na vitu vinavyoshika moto, ilhali mabaki ya lehemu huwekwa kwenye kopo lenye mfuniko. Kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinasimamia taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na wanaozikusanya, kuzisafirisha na kuzichakata wanatakiwa kuwa na kibali. Mwananchi au fundi mwenye mabaki hayo anaweza kuulizia wakusanyaji wenye vibali katika ofisi za kanda za Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), au kwa ofisa mazingira wa halmashauri yake.